Kosa la Gwakisa

Kila siku saa moja kamili asubuhi Msikizi, mashine iliyoendesha kituo kwa kusikiliza sauti za watu, aliita majina ya zamu, na kila alipofika kwa Gwakisa Mwakalobo alingoja sekunde nne. Sekunde nne ndizo alizopewa mtu kuitika. Zikipita, Msikizi husema "hayupo" na kuendelea na jina linalofuata. Mafundi saba wa Kituo cha Mvuke Namba Tisa walisimama wima mpaka zipite, kofia mikononi, kama watu waliokuta jeneza likivuka barabara. Hakuna aliyewaagiza. Walianza wenyewe siku iliyofuata mazishi, na leo ilikuwa siku ya kumi na tisa.

Kulifuta jina lile kulihitaji sahihi ya mhandisi wa zamu. Mhandisi wa zamu alikuwa Subilaga Mwasenga, mwanamke wa miaka arobaini na mbili aliyejulikana kituo kizima kwamba hasahau kitu. Kwa hiyo wote walijua kuwa hili hakulisahau. Walidhani ni huzuni, wakamheshimu kwa ajili hiyo, na heshima ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mezani pake palikuwa na waraka wa kurasa mbili kutoka Dodoma. Nchi ilikuwa na vituo kumi na vinne vya mvuke, na kila ajali iliyotokea katika kimoja iligeuzwa somo kwa vingine. Somo lilipewa jina la aliyekosea ili likae vichwani. Palikuwa na Kosa la Mashimba, aliyeacha vali ya akiba wazi, na Kosa la Andengenye, aliyesoma kipimo akiwa upande usio wake. Hakuna aliyejua tena Mashimba alikuwa mrefu au mfupi, ana watoto au hana. Alikuwa vali iliyoachwa wazi, basi.

Waraka wa leo uliitwa Kosa la Gwakisa. "Fundi alithibitisha kwamba pipa limepoa kabla hajalipima. Pipa lilifunguliwa likiwa na nyuzi joto mia moja themanini na tatu. Fundi alifariki papo hapo. Funzo: pima kwanza, sema baadaye." Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya Subilaga, na tarehe ya kikao cha mwisho cha uchunguzi, Jumatatu.

Ulimboka aliingia bila kubisha. Yeye ndiye aliyemtunza Msikizi, akisafisha vinasa sauti na kumfundisha maneno mapya. Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa koo, na tangu hapo sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeburuta gunia sakafuni.

"Namba Tano wameshaanza," alisema. "Mwanagenzi akikosea wanamwambia, usituletee Gwakisa hapa."

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yangu yuko huko. Alinisimulia huku anacheka. Hajui kuwa tulipomtoa pale, miguu niliishika mimi."

Subilaga aliusogeza waraka kando. "Ulimboka, maneno anayoyafuta Msikizi, yanaweza kurudishwa?"

"Hayarudi. Sheria ya faragha. Mazungumzo ya kawaida yanakaa sekunde mbili, akishaona si amri anayatupa. Anachobakiza ni kile kilichomfanya atende." Alimtazama. "Unatafuta maneno gani?"

Ulimboka alivuta kiti, akakaa kinyumenyume, mikono juu ya egemeo.

"Mhandisi, mimi nimekuuliza."

*

Ili kuelewa alichokificha Subilaga lazima mtu aelewe ukoko.

Mvuke wa Rungwe hutoka mita elfu tatu chini ya ardhi ukiwa na joto la nyuzi mia tatu na kumi, na hauji peke yake. Huja na madini yaliyoyeyuka, ambayo yakifika juu huganda kuwa ukoko mweupe, mgumu kama kauri. Ukoko huo hufunika kila kihisi kilichomo ndani ya pipa la kutenganishia maji na mvuke. Kihisi kilichofunikwa husema pipa limepoa wakati ndani mauti yanatokota. Ndiyo maana, katika kituo ambacho hapakubaki vali hata moja ya kuzungushwa kwa mkono, sheria iliacha kazi moja kwa binadamu: asimame kando ya pipa na kipimajoto chake, apime sehemu tatu, kisha atamke, "Pipa limepoa, nathibitisha." Ikiwa mhandisi ameshatoa ombi la kufungua na fundi akathibitisha, Msikizi huachia makomeo kumi na mawili ya mfuniko kwa mara moja.

Gwakisa alikuwa fundi hodari kuliko wote, na alikuwa na kigugumizi. Hakikumshika kila mahali. Kilimngoja kwenye neno lile la mwisho kama mbwa anayeijua saa ya mtu kupita. "Na-na-nath-" "Sijasikia," Msikizi husema. "Rudia." Siku moja alirudia mara kumi na moja, zamu nzima ikisikiliza. "Jamani, huyu ni mashine au baba mkwe?" Gwakisa aliuliza alipomaliza. "Mbona mahari nilishamaliza!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini jioni ile Subilaga alimkuta nyuma ya stoo, ameuelekea ukuta, akijifunza. *Nath. Nathi. Nathibi.* Mtu mzima, baba wa watu, akiongea na matofali.

Subilaga hakuwa mtu wa kutenda jambo kwa huruma. Aliamini huruma ni kipimo kisichosahihishwa. Lakini kesho yake alijaza fomu ya orodha binafsi, ile iliyomruhusu mfanyakazi mwenye shida ya kusema apewe neno lake mwenyewe, litakalotambuliwa kwa sauti yake tu. Neno likawa *poa*. Lilimtoka Gwakisa bila kukwama hata siku moja: ugali poa, mvua poa, hata mguu ulipoteguka, poa. Na zaidi ya hayo lilikuwa neno lenyewe hasa. Kitu kimekuwa moto, sasa kimepoa.

Swali la nane la fomu liliuliza: "Je, neno hili lina maana nyingine inayoweza kutokea mahali pa kazi?"

Akaandika: "Hapana."

Mtoto yeyote wa chekechea angeandika ndiyo. Subilaga alikuwa akilifikiria pipa, na kwenye pipa watu hawasalimiani. Njia ya sauti kati ya mhandisi na fundi ni ya kazi tu, kanuni inasema hivyo, na yeye aliishika kanuni kama msahafu. Gwakisa hakuacha kumtania kwa hilo. "Mhandisi, kwenu salamu zilipigwa marufuku na serikali?" "Njia hii ni ya kazi, Bwana Mwakalobo." "Haya. Nitakusalimia kwa barua." Miaka sita neno lile lilifanya kazi bila doa.

Kisha Gwakisa akaugua malaria, akakaa nyumbani wiki moja. Fundi aliyeshika nafasi yake alikuwa mzuri, akitamka kila kitu kwa usahihi, na Subilaga aligundua, kama mtu anavyogundua kuwa saa ya ukutani imesimama, kwamba siku zimekuwa ndefu. Siku Gwakisa aliporudi, saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi, Subilaga alitoa ombi la kufungua pipa namba tatu. Alimwona kwa mbali kwenye kioo akilisogelea pipa, amekonda, kofia imemkaa upande. Ombi lilikuwa wazi, likingoja uthibitisho wake. Kipimajoto kilikuwa bado kiunoni mwake.

"Gwakisa," alisema Subilaga kwenye njia ya kazi. "Mambo?"

Alisikia pumzi ya mtu aliyeshangaa, kicheko kidogo cha puani.

"Poa," alisema Gwakisa.

Msikizi alitupa salamu kwa kuwa haikuwa amri, akabakiza jibu. Kumbukumbu ya siku ile ina mistari mitatu tu: ombi la mhandisi, uthibitisho wa fundi, makomeo yameachia.

*

"Basi ndiyo hiyo," Subilaga alimaliza.

Nje mvua ya Rungwe, isiyojua msimu, ilianza kugonga bati.

"Umemwambia nani mwingine?" aliuliza Ulimboka.

"Wewe."

"Kwa hiyo Jumatatu unataka kusema."

"Taarifa ina uongo. Inasema alizembea. Hakuzembea. Alijibu salamu."

"Sawa. Ukishasema, watauliza neno lile liliingiaje. Si ndiyo? Wataona fomu. Wataona orodha binafsi." Aligusa kinasa kidogo kilichofungwa shingoni pake. "Mimi nina maneno ishirini na mawili humo, Mhandisi. Bila hayo Msikizi ananisikia kama upepo. Nchi nzima tuko thelathini na saba. Yupo mama mmoja Namba Mbili, alipooza nusu ya mdomo, anasomesha wajukuu wanne. Wakishtuka, hawatalifuta neno moja. Watafuta orodha yote. Unawajua."

"Ninawajua."

"Gwakisa ni rafiki yangu, nilimbeba. Lakini kafa. Jina halisikii njaa. Mimi niko hai, nimekaa hapa mbele yako."

"Ungekuwa wewe ndiye unayeitwa Kosa?"

"Ningekuwa nimekufa, ningejuaje?" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia alisema polepole, bila utani: "Unataka kutua mzigo. Sikulaumu. Ila angalia unapoutua, usije ukautulia mguuni pangu."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilipimika. Alijiuliza mara nyingi kama alitaka ukweli ujulikane kwa ajili ya Gwakisa au kwa ajili ya usingizi wake mwenyewe, na kila alipopima alipata jibu tofauti. Alichoweza kukithibitisha ni kimoja. Kuna sentensi imeandikwa, si ya kweli, na mtu aliyejua tangu mwanzo kuwa si ya kweli ndiye anayeombwa aitie sahihi.

*

Mchana wa siku hiyohiyo, Jumamosi, alikwenda kwa Mama Lusajo, mjane wa Gwakisa. Alimkuta barazani akipukuchua maharage na wifi yake. Wifi alipomwona mgeni alinyanyuka, akachukua ungo mmoja akaingia ndani.

"Ndaga, asante kwa kuja, Mhandisi. Kaa hapo, mkeka ni mkavu."

Subilaga alikaa. Alizoea kuanza mambo kwa utaratibu, lakini mjane alimtangulia.

"Afadhali umekuja, maana wewe ni mtu wa hesabu, utanifafanulia. Pale makaburini ulisoma wasifu wake. Ukasema kafungua mapipa mara elfu nne mia mbili na kumi na sita, bila kosa hata moja. Nikajikaza, nikasema, angalau. Wiki ya pili wakaja wawili wenye mashati meupe, wakaniambia kosa ni la marehemu. Alisema limepoa na hakupima. Sasa nishike lipi?"

"Mama Lusajo..."

"Nimeacha kwenda kaburini. Mara ya mwisho nilimgombeza. Nilimwambia, Baba Lusajo, miaka kumi na moja unapima, siku moja tu ukaona uvivu? Umetoka kitandani bado unatetemeka, nani alikutuma ujifanye shujaa? Nimemsema kwa sauti, Mhandisi. Watu wa kaburi la pili waliinua vichwa." Alitupa maganda pembeni. "Nina hasira naye mpaka siwezi kumlilia."

Subilaga akasema. Hakuzunguka. Alieleza neno, fomu, swali la nane, ombi lililokuwa wazi, salamu. Ilichukua kama dakika nne, na katika dakika hizo vidole vya mjane viliendelea kupukuchua, mpaka vikasimama.

"Ulimsalimia," alisema Mama Lusajo.

"Ndiyo."

"Wewe."

"Mimi."

"Alikuwa akirudi jioni anakuigiza. Anasimama hapo mlangoni, shingo imenyooka hivi. *Njia hii ni ya kazi, Bwana Mwakalobo.* Tunacheka. Anasema, ipo siku yule mama atanisalimia mpaka nishangae." Alimtazama Subilaga usoni. "Alishangaa?"

"Alicheka kidogo. Kabla ya kujibu."

Mama Lusajo alifunika mdomo kwa kiganja chenye vumbi la maharage. Subilaga alidhani analia, lakini macho yalikuwa makavu, na yalikuwa yakimtazama yeye.

"Kwa hiyo wiki hizi zote nimemtukana mume wangu kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo, ndiyo, kama uko ofisini! Kumi na tisa! Siku kumi na tisa ulikuwa wapi? Ulisimama pale, karatasi mkononi, ukatusomea wasifu!"

"Niliogopa."

Ndilo jambo pekee siku hiyo alilolisema bila kulitayarisha.

"Jumatatu wana kikao," alisema mjane. "Utasema?"

"Nimekuja kukwambia kwanza, kwa kuwa..."

"Sikukuuliza sababu. Utasema?"

"Nitasema."

"Basi nenda. Chai sikupi."

Akainama, akaanza tena kupukuchua, kwa nguvu, maharage yakiruka nje ya ungo na hakuna aliyeyaokota.

*

Kikao kilifanyika katika chumba cha mafunzo. Bi. Nyemo Chibago, mkaguzi mkuu kutoka Dodoma, alikaa katikati na karani kushoto kwake. Alikuwa na nywele fupi nyeupe na tabia ya kuweka kalamu chini kila mtu anapoanza kusema, kama kumwonyesha kuwa hataandika upuuzi. Watumishi wa kituo walikaa nyuma, Ulimboka katika safu ya mbele, magoti yamebanana.

Subilaga alisoma maelezo yake akiwa amesimama. Alipofika kwenye salamu, mtu nyuma alisema "Mungu wangu," si kwa sauti. Alipomaliza, Bi. Chibago hakuonyesha kushtuka. Aliichukua fomu ya miaka sita iliyopita, akasoma swali la nane, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulipoandika 'hapana', ulijua Kiswahili?"

Kicheko kimoja kilipasuka nyuma na kufa.

"Nilijua, Bibi Mkaguzi. Sikukitumia."

"Njia ya sauti ilikuwa ya kazi tu?"

"Ndiyo."

"Na ombi lilikuwa wazi ulipomsalimia?"

"Lilikuwa wazi."

Bi. Chibago alishika kalamu. "Nina swali moja la mwisho, na ninataka jibu fupi. Marehemu asingekuwa na neno hilo katika orodha binafsi, ukamsalimia vilevile, naye akajibu vilevile. Makomeo yangeachia?"

Subilaga aliliona swali lilivyokaa. Lilikuwa swali zuri, ndilo yeye mwenyewe angeliuliza. Lilikuwa na jibu moja, na nyuma yake mita tatu alikaa mtu ambaye jibu hilo lingemwondoa kazini. Angeweza kusema *sina hakika*. Angeweza kusema Msikizi ana njia zake. Hapakuwa na mtu chumbani humo ambaye angeweza kumpinga isipokuwa Ulimboka, na Ulimboka asingempinga.

"Kabla sijajibu," alisema, "naomba iandikwe kwamba orodha haikukosea. Fomu iliuliza swali sahihi. Aliyejibu vibaya ni mimi, na aliyevunja kanuni ya njia ya sauti ni mimi. Watu thelathini na saba wanafanya kazi kwa orodha hizo, na hakuna hata mmoja aliyeumiza mtu."

"Itaandikwa. Swali langu lilikuwa jingine."

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Alisikia mabomba ya nje yakihema.

Alifikiri kwamba akidanganya sasa, atakuwa amemtoa Gwakisa katika uongo mmoja kwa kutunga mwingine, na uongo wa pili utakuwa na sahihi yake kama ambavyo wa kwanza ungekuwa nayo. Alifikiri pia kwamba hilo lilikuwa wazo safi mno, wazo la mtu asiyelipa. Atakayelipa ni mwingine. Alilipima kwa kila upande na halikupungua.

"Yasingeachia," alisema.

Kalamu iliandika. Bi. Chibago alisoma uamuzi palepale, kwa sauti ileile ambayo angesomea orodha ya vifaa. Somo la awali limefutwa. Imeandikwa kuwa fundi Gwakisa Mwakalobo hakutenda kosa lolote. Mhandisi wa zamu amesimamishwa kuanzia leo. Orodha binafsi katika vituo vyote kumi na vinne zimesitishwa kuanzia leo mpaka zipitiwe upya moja moja, kazi itakayochukua mwaka au zaidi, na wanaozitumia wavue vinasa na kuvikabidhi.

"Limebaki jina la somo," alisema.

Karani, kijana mnene mwenye miwani, alimgeukia Subilaga kwa adabu. "Samahani, dada. Jina lako tunaliandika kwa *l* au kwa *r*? Kumbukumbu zetu zina yote mawili."

Hakugeuka kumtazama Ulimboka. Alijua akigeuka atataka asamehewe, na hakuwa na haki ya kutaka.

"Kwa *l*," alisema. Kisha, kwa kuwa karani alikuwa ameinamisha kalamu akingoja, alimtajia herufi moja moja, taratibu, asije akakosea. S. U. B. I. Nyuma yake kifungo kidogo cha kinasa kiliachia shingo ya mtu, na mtu huyo akapumua kwa ile pumzi yake ya gunia, bila neno. L. A. G. A.